Kamari Isiyolipa Si Kamari

Kamari ya siku hizi nimeielewa hivi. Ukitoa hela, ukabahatisha, ukapata hela, hiyo ni kamari: utakatwa kodi, na tangazo litakuasa ucheze kistaarabu. Ukitoa hela, ukabahatisha, na hata ukibahatika huambulii senti, hiyo si kamari. Hilo ni gemu, na mtoto anaruhusiwa. Yaani anayewalipa washindi lazima awe na leseni, ila asiyemlipa mtu yeyote anaendelea na shughuli zake. Ningelijua hilo mapema nisingehangaika na duka la vifaa vya bomba.

Hapa Tanzania upande wa kwanza hauna utata. Tangu 2003 tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha na Bodi ya kuisimamia, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kusogeza pua. Duka la kubeti mtaani kwetu limeandikwa 18+ kwa herufi kubwa kuliko jina la duka lenyewe. Mashine ya dubwi ikiwekwa karibu na shule, kina mama wanapiga kelele mpaka mwenyekiti wa mtaa anatoka na msuli. Hata yule wa karata tatu akimwona askari anakunja boksi lake na kutimua mbio. Huyu wa sebuleni kwangu hatimui mbio. Yumo ndani ya simu, na anachajiwa kwa umeme wangu.

Mpwa wangu, kidato cha pili, anacheza gemu la mpira la kwenye simu. Gemu lenyewe ni bure, na hapo ndipo mtu mzima alipaswa kushtuka. Wachezaji wazuri hawauzwi mmoja mmoja kwa bei inayojulikana. Unanunua koini kwa hela halisi, koini unazigeuza pakiti, pakiti unaifungua ndipo ujue umepata nani. Wiki iliyopita nilimpa elfu kumi akanunue LUKU, akarudi na tokeni ya elfu tano na uso wa kanisani. Nikamwambia anionyeshe hiyo elfu tano nyingine imelala wapi.

Alikuwa amebakiza pakiti moja. Akaibonyeza. Kioo kikawa cheusi, ngoma zikaanza, moshi ukapanda, mwanga ukachomoza katikati. Ikatokea bendera ya Brazil. Nami, Mungu anisamehe, nikasogeza kiti. Baada ya bendera ikatokea nafasi anayocheza: kipa. Baada ya kipa ikatokea timu, ambayo hata wanaojua ligi za watu pale kijiweni hawajawahi kuitaja. Mwisho akatokea jamaa mwenyewe, amekunja mikono, anatabasamu kama aliyeniona nikitoa hela.

"Si mbaya sana, mjomba."

"Kwani hukuwa na kipa?"

"Ninao wanne."

"Sasa hii si kamari ni nini?"

"Hapana, mjomba. Kamari unapata hela. Huyu hata kumuuza siwezi."

Nilitaka kumtia adabu, kumbe mtoto anaongea lugha moja na Tume ya Kamari ya Uingereza. Mwaka 2017 wakubwa wale walieleza kwamba zawadi ya ndani ya gemu isipoweza kugeuzwa hela, au kitu chenye thamani ya hela, sheria yao ya 2005 haiihesabu kuwa kamari. Serikali yao ikakaa, ikakusanya maoni, na Julai 2022 ikaamua sheria ibaki ilivyo, kampuni za gemu zijiwekee zenyewe utaratibu wa kulinda watoto. Bucha ikakabidhiwa fisi, akaombwa awe mwangalifu na mifupa.

Na fisi ana maneno matamu. Juni 2019, kampuni ya EA, waliokuwa watengenezaji wa gemu la FIFA, waliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuulizwa habari za pakiti kama hizi, ambazo jina lao la jumla ni masanduku ya bahati. Mwakilishi wao akasema si masanduku ya bahati, ni ufundi wa kushtukiza. Akatolea mfano yai la chokoleti la Kinder, kwamba watu hufurahia kutojua kilichomo. Sawa. Lakini lile yai ukilikuta na kikaragosi usichokitaka, chokoleti si unaila? Mpwa wangu amekula nini? Kipa wa tano?

Wabelgiji ndio walionielewa. Kwa sheria yao, ukiweka dau kwenye mchezo wenye bahati ndani yake, kulipoteza dau hilo kunatosha kuuita mchezo kamari, si lazima pawepo wa kuvuna. Basi Aprili 2018 tume yao ikatamka kwamba masanduku ya FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive ni kamari isiyo na kibali, na waziri wa sheria akakumbusha kuna kifungo na faini ya hadi yuro 800,000, na vyote viwili huweza kuzidishwa mara mbili watoto wakihusika. Mwanzoni mwa 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake za FIFA nchini humo. Nikasema, naam, hao ndio wanaume.

Furaha yangu haikudumu. Mwaka 2022 mtafiti mmoja alipekua michezo 100 ya iPhone iliyokuwa inaingiza hela nyingi zaidi Ubelgiji, akakuta 82 bado inauza bahati. Marufuku ilikuwepo, mkaguzi hakuwepo. Jirani zao Uholanzi waliipiga EA faini ya yuro milioni 10, nayo Machi 2022 mahakama ya juu ya kiutawala ikaifuta, ikisema pakiti zile ni sehemu ya mchezo mkubwa zaidi, mchezo wa ustadi. Kwa hiyo ukiuza bahati nasibu peke yake ni kosa, ila ukiichomeka katikati ya mpira inageuka kuwa mpira.

Wakorea Kusini wao wamefika mbali kuliko wote, maana wanagombana na wenye gemu hata juu ya hesabu. Januari 2024 mamlaka yao ya ushindani wa biashara iliitoza Nexon faini ya won bilioni 11.6. Katika gemu la MapleStory, kampuni ilikuwa imeshusha kimyakimya uwezekano wa kupata vitu vinavyotafutwa sana, vingine ikavishusha hadi sifuri, na watu wakaendelea kununua. Sifuri! Hata wa karata tatu ile karata huwa anayo mezani. Machi mwaka huohuo wakaanza kuzilazimisha kampuni kutangaza uwezekano wa kila sanduku.

Wachina wao, tangu Septemba 2021, mtoto anacheza gemu la mtandaoni Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu, saa mbili hadi saa tatu usiku, basi. Kwetu kazi hiyo iliwahi kufanywa na mgao wa umeme, bila hata kutunga sheria.

Halafu wapo watu wazima, ambao ndio hawasikii kabisa. Jirani yangu fundi friji amemaliza ligi zote za dunia, sasa anabetia mpira wa pleistesheni. Vijana wawili wamekaa chumbani huko Ulaya, kila mmoja na pedi yake, mechi ni dakika chache, na usiku wa manane fundi yuko upande wa pili wa ukuta wangu anapiga kelele "Pasia! Pasia!" Mkeka ukichanika anamlaumu refa, ambaye ni kompyuta. Nikamuuliza nani anawachunguza hao vijana wasipange matokeo, akaniambia gemu halihongeki. Gemu ndiyo, ila mwenye pedi anahongeka. Mwaka 2010 huko Korea wachezaji 11 wa StarCraft walifungiwa maisha kwa kuuza mechi, na mmojawao alikuwa nyota wa kuchorwa ukutani. Fundi akasema hiyo ni StarCraft, yeye anabetia mpira.

Sitaki makubwa. Bodi yetu inajua kutoa leseni, kukagua mashine na kuhesabu umri, basi imalizie hapo hapo. Kabla mtoto hajabonyeza, kioo kimwambie kwa Kiswahili: katika pakiti 100, nyota ni wangapi na makipa ni wangapi. Pakiti ya hela isiuzwe kwa aliye chini ya miaka 18, awe mbele ya kaunta au amejilaza kwenye kochi langu. Na kamari ipimwe kwa hela iliyotoka mfukoni, maana hiyo ndiyo ninayoijua mimi. Iliyoingia sijawahi kuiona.

Kama kikwazo ni kodi, kwamba hakuna ushindi wa kukatia, hilo nalo tusaidiane. TRA wakitaka kodi yao, waje wamkate yule Mbrazili mkono mmoja. Jana mpwa alimpanga akafungwa saba, hata pengo halitaonekana.