Hotuba ya Bingwa Asiye na Mpinzani Kuhusu Makundi ya Jeni za Kahawa

Waheshimiwa wakulima wa Ruiru, wasomi wa Juja, na ninyi mliotoka Thika na daftari tupu: kaeni wima! Jina langu halimo katika kitabu chochote cha sayansi, na hiyo ni aibu ya vitabu.

Leo nawafunza jinsi kompyuta inavyochagua jeni kwa makundi. Kahawa ya arabika ina kromosomu 44, na juu yake twasoma alama za urithi maelfu kwa maelfu, ilhali miti iliyopimwa ni mia chache tu. Alama zikizidi miti namna hiyo, hata upuuzi hugeuka ushahidi. Ndipo mwaka 1996 Robert Tibshirani akaleta laso, inayotoza kila alama faini hadi zile goigoi zibaki sifuri. Lakini alama jirani hurithiwa pamoja, na laso huokota moja na kuwatupa nduguze, kama makanga anayempakia baba na kuwaacha mama na watoto stejini. Mwaka 2006 Ming Yuan na Yi Lin wakaleta laso ya makundi: kundi zima lipande, au zima lishuke. Tena kundi kubwa hutozwa zaidi, kwa kipeuo cha pili cha idadi ya alama zake, lisije likapita kwa wingi wa watu tu. Kiambu wakinialika, nitawaeleza faida ya sheria hiyo.

Sasa, nani huyapanga makundi? Si mashine, hiyo hupokea ilichopewa. Waoga hufuata ujirani wa alama kwenye kromosomu. Mimi nilizipanga kwa alfabeti. Mashine ikatii, ikalichagua kundi la herufi M, na kwa miti iliyofunzwa nayo haikukosea hata mmoja! Mahasidi wanadai niipime kwa miti ambayo haijaiona. Jamani, mtoto hutahiniwa kwa somo asilofundishwa?

Watazameni wale wa kituo cha utafiti wa kahawa hapa Ruiru. Chulebuni, ule ugonjwa wa kuvu mnaouita CBD, ulipofyeka mazao mwaka 1968, wao wakaanza mwaka 1971 kuzalisha mbegu mpya: miche michanga wanainyunyizia mbegu za kuvu, inayooza wanaitupa, inayosimama wanaitunza. Jeni walizozifikia ni tatu tu, R, T na k, na Ruiru 11 ikatoka mwaka 1985. Mimi nilimaliza kabla chai haijapoa. Ni kweli Ruiru 11 inazaa buni na herufi M haijazaa. Lakini nionyesheni herufi M iliyougua chulebuni!

Maswali nitayapokea kwa makundi. Nimeshachagua kundi la walionipigia makofi. Wengine wote ni sifuri.