Jinsi ya Kugeuza Gofu la Mji Mkongwe Kuwa Hoteli ya Kifahari

Kwanza tafuta gofu. Unguja hayajatuishia. Chagua lenye mlango wa kuchonga na njumu za shaba, hata kama nyuma yake dari imeshalala chini. Mlango ndio utakaopigwa picha, dari utaijenga.

Pitia Mamlaka ya Hifadhi kwa adabu zako zote. Mji huu umo kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na mtu haamki tu akatoboa ukuta kwa ajili ya kiyoyozi.

Kisha mwite fundi. Fundi mzee atakwambia kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, kwamba zinapumua, na kwamba chokaa ikishazimwa kwa maji iachwe shimoni wiki kadhaa ndipo ipakwe. Atasema hayo huku anakwangua ukuta kwa ukucha na kuonja chumvi iliyobaki kidoleni. Mshukuru, mpe nauli, umwite kijana mwenye saruji, maana wageni wa Julai wameshalipia. Saruji hukauka upesi, hung'aa, halafu hufungia unyevu ndani. Masika mawili yakipita, chumvi itachomoza na plasta itabanduka vipande vipande. Usihangaike. Waambie wageni hiyo ndiyo haiba ya kale, upandishe bei.

Vyumba utavikuta virefu na vyembamba. Boriti za mikoko hazivuki sana mita tatu, kwa hiyo waliojenga walipima chumba kwa mti. Wewe tia semadari katikati, chandarua juu yake, na mgeni apite ubavu ubavu kwenda msalani. Kwenye tangazo andika "faragha ya kisultani".

Kila chumba kipe jina. Kimoja lazima kiwe cha Bi Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni na kutoroka Unguja mwaka 1866. Kwamba hakuwahi kulala kwako si hoja. Kwa idadi ya vyumba vyenye jina lake, maskini hata asingepata nafasi ya kutoroka. Kingine mpe Livingstone.

Sasa historia, na hapa ndipo penye kazi. Anza na tajiri wa karafuu, pita kwa Balozi wa Kiingereza na chai yake ya alasiri, kisha ruka. Ruka juu ya Mapinduzi ya 1964, ruka juu ya nyumba zilizotaifishwa na familia zilizopangishwa humo, kila moja na chumba chake, jiko la mkaa kwenye ngazi na nguo zimeanikwa roshanini. Watu hao waliishi humo zaidi kuliko Balozi, lakini hawakuacha picha za kutundika ukutani. Tua kwenye mwaka wa ukarabati wako.

Shida itakuwa mzee mmoja kwenye baraza ya jirani. Kazaliwa humo ndani, na wageni wakipita atawaelekeza: "Pale mnapolala, bibi yangu alikuwa akikaangia samaki." Usimfukuze. Mshonee kanzu mpya, mvishe kofia ya vito, mwajiri awatembeze wageni jioni. Akizidi kusema kweli, watadhani ni sehemu ya burudani, na bakshishi ataigawana na wewe.