Stempu Iliyo Ndani ya Bahasha

Stempu ya posta ni kipande cha karatasi kisichofikia uzito wa robo gramu, chenye picha upande mmoja na gundi upande wa pili, ambacho tangu Uingereza ilipotoa ile ya kwanza mwezi Mei 1840, iliyokuja kujulikana kwa jina la Penny Black, kimepewa kazi moja tu, nayo ni kuthibitisha kwamba nauli ya barua imekwisha kulipwa na mtumaji. Kwa kazi hiyo kimevusha bahari barua za posa, notisi za madeni, salamu za Idi na kadi za Krismasi, wala hakijasikika kikilalamika. Linalostahili kuchunguzwa kwa utulivu ni kwamba kitu hichohicho, kikibanduliwa juu ya bahasha na kutiwa ndani yake, hugeuka kuwa msafiri msumbufu kuliko wote, na wanaolijua jambo hili kwa uchungu ni wakusanyaji wa stempu, watu wa taaluma iitwayo filatelia, ambayo jamaa zao wa nyumbani huiita kwa kifupi "yale makaratasi".

Mtu anaweza kuuliza kwa nini stempu zisikae zilipo, na jibu ni kwamba stempu nyingi nzuri za Afrika Mashariki hazipo Afrika Mashariki. Kwa miongo kadhaa Kenya, Uganda na Tanganyika, na baadaye Tanzania, zilitumia stempu za pamoja, ambazo wakusanyaji huzitaja kwa herufi tatu, KUT, kiasi kwamba barua iliyotiwa sandukuni Kisumu iliweza kubeba stempu ileile iliyobandikwa Mtwara, mpaka shirika la pamoja la posta lilipozikwa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani mwaka 1977. Stempu hizo zilifanya kazi yake kwa uaminifu uliopita kiasi: zilibandikwa, zikagongwa muhuri, zikaenda Ulaya na huko zikabaki, zikakatwa kwa mkasi, zikaloweshwa kwenye beseni, zikaanikwa juu ya gazeti na kupangwa katika albamu za watu ambao hawakuwahi kuliona Ziwa Viktoria. Ndiyo sababu mstaafu wa Tanga anayetaka kuziona tena picha alizozilamba utotoni hulazimika kuzinunua kwa mstaafu mwenzake wa Leicester, naye huyo wa Leicester, akikosa stempu za Zanzibar za enzi ya masultani, humwandikia wa Tanga. Hata mtu wa Dar es Salaam akitaka kumpelekea mwenzake wa Kampala stempu ambayo zamani ilitumika katika miji yote miwili bila kuulizwa swali, leo atajaza fomu ya forodha.

Safari huanzia dirishani, na dirishani ndipo hujitokeza tatizo la kwanza, ambalo ni la kifalsafa kuliko la kiposta. Mazungumzo yenyewe hayatofautiani sana kutoka ofisi moja hadi nyingine. Karani, binti mwenye adabu zake, huamkia, huipokea bahasha, huipindapinda kidogo kuona kama ina kitu kigumu, jambo linalomfanya mteja wake afumbe macho, kisha huuliza, "Mzee wangu, humu ndani mna nini?"

"Stempu, mwanangu."

"Stempu tutabandika hapa juu, mzee. Humu ndani mna nini?"

"Humo ndani ndimo mna stempu."

"Na hapa juu?"

"Hapo juu ndipo nataka uniuzie stempu."

Karani hunyamaza, humtazama mwenzake wa dirisha la pili, kisha kwa upole wa mtu aliyelelewa kuheshimu mvi husema, "Kwa hiyo, mzee, unatuma stempu kwa stempu," kauli ambayo, ingawa haikukusudiwa hivyo, ni fasili fupi na sahihi ya biashara nzima.

Baada ya hapo huja fomu. Umoja wa Posta Duniani, ulioasisiwa Bern, Uswisi, mwaka 1874, umeweka karatasi ndogo iitwayo CN22, ambayo hubandikwa juu ya bahasha yenye bidhaa ili maafisa wa forodha wa nchi iendako wajue kilichomo bila kuifungua. Karatasi hiyo ina viboksi vya kutia alama: zawadi, hati, sampuli ya biashara, bidhaa iliyouzwa, bidhaa inayorudishwa na mengineyo. Wakusanyaji, hata hivyo, wana desturi ya tangu zamani ya kubadilishana, ambapo mmoja hutoa twiga wake wawili akapewa samaki wanne, na kubadilishana hakuna kiboksi. Si zawadi, kwa sababu anayetoa amekwisha kuhesabu anachodai. Si mauzo, kwa sababu hakuna senti iliyotembea. Wala si hati, kwa sababu hakuna wakili atakayeisoma. Shughuli nzima huishia katika "mengineyo", kiboksi ambacho afisa wa forodha mwenye uzoefu hukitazama kama askari wa zamu amtazamavyo mtu aliyeulizwa anakwenda wapi akajibu kwamba yupo yupo tu. Karatasi ya CN22 yenyewe hutosha kwa vitu ambavyo thamani yake haizidi SDR 300, na vikizidi hapo hutakiwa nyingine, CN23, yenye maswali mengi zaidi. SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, ambacho hakijawahi kuonekana mfukoni mwa mtu yeyote, na kumtajia mzee aliyezoea shilingi ni kama kumpimia mtu kitambaa kwa kibaba.

Kuna pia namba ya uainishaji, inayotokana na mfumo wa Shirika la Forodha Duniani wa kuipa kila bidhaa kifungu chake. Stempu ambayo haijatumika, na ambayo ni ya toleo la sasa au jipya katika nchi ambako ina, au itakuwa na, thamani inayotambuliwa, huwekwa kifungu cha 4907, pamoja na noti za benki na hati za hisa. Nyingine huwekwa 9704, katika sura moja na michoro ya wasanii na vitu vya kale vyenye umri wa zaidi ya miaka 100. Kwa hiyo stempu ya samaki ya Tanzania ya mwaka 1967, iliyogongwa muhuri na kuchanika pembe moja, mbele ya sheria ni jamaa wa karibu wa mchoro wa Picasso. Mkusanyaji hulifurahia sana jambo hilo mpaka anapofika kwenye mstari wa thamani.

Hapo ndipo penye utelezi, kwa maana stempu moja ina bei nne kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni bei ya katalogi, yaani kitabu cha orodha ambacho kila mkusanyaji hukinukuu na hakuna anayelipa kwa mujibu wake. Ya pili ni bei waliyoafikiana. Ya tatu ni ile ambayo mnunuzi, kwa sauti ya chini, huomba iandikwe kwenye fomu ili forodha isiamke. Na ya nne hujulikana pakiti ikipotea, pale mnunuzi yuleyule aliyeomba iandikwe dola 5 anapokumbuka ghafla kwamba ilikuwa ya dola 80. Ombi hilo la chinichini ni kosa kisheria, na hata kwa anayejali faida peke yake ni hesabu mbovu, kwa kuwa posta haiwezi kumfidia mtu kile ambacho yeye mwenyewe ameandika na kutia saini kwamba hakikuwamo. Hata mkweli hapumui, kwani tangu tarehe 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya umeondoa msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zisizozidi yuro 22, na mnunuzi wa huko anayeagiza stempu za yuro 10 kutoka Mombasa huweza kukuta kwamba ada ya kumshughulikia kodi ni kubwa kuliko kodi.

Ufungaji ni somo linalojitegemea. Gundi ya stempu nyingi za zamani ilitokana na utomvu wa migunga, nayo hunyonya unyevu wa hewani, na hewa ya Mombasa wakati wa masika haina uchoyo. Stempu ambayo haijatumika ikikaa katika hewa hiyo hujilamba yenyewe na kujibandika kwenye chochote kinachoigusa, ambacho mara nyingi ni barua ya muuzaji inayosema kwamba stempu iko katika hali nzuri kabisa. Balaa hilo ni zito kwa sababu mkusanyaji hununua mgongo kama anavyonunua uso: stempu ambayo haijawahi kubandikwa bawaba, yaani kile kipande cha karatasi ambacho wazee walikitumia kuishikiza albamuni, huuzwa ghali kuliko dada yake aliyebandikwa, ingawa ikishapangwa hakuna atakayeuona mgongo huo tena hadi siku ya kuuzwa.

Muuzaji makini, basi, huitia stempu katika kibahasha cha glasini, ambayo ni karatasi nyororo isiyopitisha mafuta, kisha kati ya vipande viwili vya kadibodi, kisha katika mfuko wa plastiki, hata mzigo wa robo gramu ukawa na walinzi wa gramu 40, na akijisahau bahasha huzidi unene wa milimita 5, ambao ndio mpaka wa barua ndogo kwa vipimo vya Umoja wa Posta Duniani, na nauli ikapanda. Wengine huandika USIKUNJE kwa wino mwekundu, kwa Kiswahili, kwa ajili ya tarishi wa Bavaria. Muuzaji makini kupita kiasi huongeza selotepu. Huizungusha kadibodi pande zote nne, hurudia kwenye pembe, na kwa kuwa imani yake kwa posta ni ndogo hurudia tena, kwa ukakamavu wa mtu anayefunga turubai la lori la mahindi. Mnunuzi huipokea, huketi mezani, huwasha taa mchana, huweka kibano na kioo cha kukuzia kando, kisha huingiza ncha ya kisu pembeni. Selotepu hukataa. Huongeza nguvu kidogo. Selotepu huachia kwa ghafla, kisu, ambacho hakijasomea filatelia, hupenya kadibodi, na Sultani hubaki na nusu ya kilemba.

Kuhusu makosa, wakusanyaji wana maadili yanayopingana moja kwa moja na ya posta. Mwaka 1895, Zanzibar ilipoanza kuwa na stempu zake, zilichukuliwa stempu za India zikachapwa juu yake neno Zanzibar. Mahali fulani mpanga herufi akateleza, likatoka neno "Zanzidar", na leo stempu yenye kosa hilo huuzwa kwa bei iliyo mara nyingi ya ile iliyoandikwa sawasawa. Anayekosea hivyo kwenye anwani ya bahasha hapewi hata thumni. Anwani zenyewe ni chanzo cha misiba mingi, kwa sababu wauzaji wa ng'ambo hupenda fomu za kompyuta zinazodai namba ya nyumba na jina la mtaa na kulikataa sanduku la posta, ilhali kwa Watanzania na Wakenya wengi barua haiji nyumbani, bali hufuatwa sandukuni. Mnunuzi aliyebanwa hujaza anachoweza, "nyuma ya msikiti, mlango wa bluu, uliza fundi baiskeli", maelezo ambayo mtoto yeyote wa mtaa huo angeyafuata akiwa amefumba macho, lakini mtambo unaoruhusu herufi 30 huyakata na kuchapa "nyuma ya msikiti, mlango wa bl". Mwandiko ukiwa mbaya, kuna pia hatari ya jadi ya pakiti ya Tanzania kupitia kwanza Tasmania, kisiwa cha Australia ambacho hakina hatia yoyote isipokuwa jina lake.

Tangu pakiti iondoke hadi ifike, kazi ya mnunuzi ni kuitazama namba ya rejista, yenye herufi mbili, tarakimu tisa na herufi mbili za nchi ilikotoka, ambayo kwenye kompyuta huonyesha kwamba mzigo umeondoka na baada ya hapo haionyeshi kitu. Mwaka 2020, ndege zilipozuiwa kuruka, kimya hicho kilidumu miezi. Urefu wa kusubiri unaweza kupimwa kwa maamkizi ya barua pepe peke yake: wiki ya pili mnunuzi huanza na "Ndugu yangu mpendwa", wiki ya nne "Ndugu", wiki ya saba "Bwana", na wiki ya tisa haanzi na kitu.

Wanaoona kwamba mateso haya ni ya zama hizi wangezikumbuka stempu za Wuga, huko Usambara, ambazo Wajerumani wa Afrika Mashariki, wakiwa wamezingirwa baharini na Waingereza, walizichapisha kwa mtambo wa misheni mwaka 1916. Hazikupata kubandikwa kwenye barua, kwa maana shehena ya stempu za kawaida ilikuwa imeponyoka kizuizi na kufika. Zikafukiwa ardhini, zikafukuliwa vita vilipokwisha na kupelekwa Ujerumani zikiwa zimeharibiwa na unyevu, ambako ziliuzwa kwa wakusanyaji. Yaani zilisafiri maisha yake yote kama mzigo, na hakuna hata siku moja zilipolipia nauli.

Hutokea, mara chache, pakiti iliyolaaniwa ikafika. Bahasha kutoka Leicester humfikia mstaafu wa Tanga baada ya miezi saba ikiwa na muhuri wa Hobart, mji mkuu wa Tasmania, maandishi ya penseli ya makarani watatu, mshale mwekundu na alama ya duara la kikombe cha chai, na ndani yake stempu zote zimeshikana zikawa tonge moja. Stempu hutupwa, lakini bahasha haitupwi, kwa sababu tawi la filatelia liitwalo historia ya posta hukusanya bahasha zilizopotea njia, na kadiri ilivyoteseka ndivyo bei yake inavyopanda. Mstaafu huipiga picha na kuitangaza, na wa kwanza kuitaka, kwa bei iliyo mara tatu ya stempu zilizokufa ndani yake, ni yule mzee wa Leicester aliyeiandika kwa mkono wake. Asubuhi yake bahasha hiyo huchukuliwa hadi dirishani.

"Shikamoo, mzee. Leo humu ndani mna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Mna bahasha."

"Na ndani ya hiyo bahasha?"

"Hamna kitu."

Karani huvuta karatasi ya CN22 na, bila kuuliza zaidi, hutia alama kwenye "mengineyo".