Njia ya Kikapu

Kila Ijumaa baada ya sala, Bibi hupigiwa simu ya video na mdogo wake aliyeko Maskati. Wamezaliwa humu humu ndani, Mji Mkongwe wa Unguja, na leo bahari iko kati yao. Bibi analala ghorofa ya juu kabisa, na magoti yake hayaziwezi tena ngazi zetu za mawe. Mtandao ukikata, hakuna wa kumshusha.

Mafundi wa faiba walifunga ruta ukumbini, karibu na mlango. Chini mambo yakawa mazuri, ghorofa ya kati ikawa ya kubahatisha. Juu, sura ya mdogo mtu iliganda mdomo wazi. Bibi akaniita.

"Labeka, Bibi."

"Mwanangu, mbona kanyamaza? Ana nini?"

Nikamwambia ni mtandao tu. Yeye alikuwa akikipapasa kioo cha simu kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Siku hiyo niliapa kwamba simu ile haitakatika tena.

Nilianza na repita, nikaichomeka chumbani kwake. Vijiti vya simu vikajaa, picha haikutembea. Zilipita Ijumaa mbili kabla sijaelewa: repita hurudia kile inachokisikia, na pale nilipoiweka haikuwa ikisikia kitu. Nikaishusha katikati ya ngazi. Afadhali kidogo, lakini repita ya aina ile hupokea na kutoa kwa redio moja, kwa hiyo kasi hupungua karibu nusu. Watoto wakifungua katuni, Bibi anakatika.

Nikamwita fundi atoboe ukuta, tupitishe waya. Nyumba yetu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zina unene wa zaidi ya nusu mita. Drili ilipogusa, jiwe lilisagika, na chokaa ikaanguka pande kubwa kama sinia. Nyuma yake nikaona mawe mabichi, yamelowa, yanameta chumvi. Nikamwambia fundi asimame.

Jibu lilikuwa mle shimoni. Maji hunyonya mawimbi ya waifai, na kuta hizi hazikauki. Mawimbi ya 5 GHz, yenye urefu wa sentimita 6 hivi, hushindwa mapema, ya 2.4 GHz, kama sentimita 12, hupenya zaidi kidogo. Kwetu yote yalikuwa yakifia ukutani. Shimo tuliliziba kwa chokaa, maana saruji hufungia unyevu ndani na jiwe likazidi kuliwa.

Bibi alikuwa amesikia kishindo. "Mnabomoa nini? Sisi kila kitu kilipanda kwa kikapu."

Nikatoka nje ya chumba chake, nikainua macho. Katikati ya nyumba kuna uwazi unaoanzia uani hadi juu, na kwenye boriti ya juu bado linaning'inia kapi la mbao, la jahazi. Hapo ndipo kikapu cha samaki na mikate kilipokuwa kikivutwa kutoka jikoni. Sauti ya Bibi pia hushukia hapo hapo kila anaponiita. Njia ilikuwepo siku zote.

Tulinunua waya mweusi, ule unaostahimili jua na mvua. Mita 25 zilitosha, na waya wa aina hiyo hubeba mtandao hadi mita 100. Tukaupandisha kandokando ya kamba ya kapi, bila kutoboa ukuta hata mmoja, na huku juu tukaufunga kwenye kifaa cha pili cha kusambazia waifai. Jina na neno la siri vikawa vile vile vya chini, ila masafa tuliyatenga: chini chaneli ya 1, juu chaneli ya 11, yasikanyagane.

Nasema haya kwa kila mwenye nyumba ya ghorofa: kabla hujaenda dukani, izunguke nyumba yako. Tazama sauti inapopita, harufu ya jikoni inapopanda, upepo unapoingia. Waya wako utapita hapo.

Ijumaa iliyofuata simu haikuganda. Bibi aliigeuza kuelekea juu, amwonyeshe mdogo wake waya mpya. Kule Maskati kukawa kimya, nami moyo ukanipasuka nikidhani tumekatika tena. Kisha sauti ikaja, safi kabisa:

"Dada, kapi bado lipo?"