Maji ya Jirani

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kwamba masika ya mwaka huu yatakuwa ya wastani hadi juu ya wastani, wapo Watanzania wanaowaza mahindi. Mimi nawaza godoro. Mke wangu anawaza friji, ambalo limekaa juu ya matofali tangu masika yaliyopita na ukitaka jagi la maji inabidi unyooshe mkono kama anayechuma embe. Mgeni akiuliza, tunamwambia tumeliinua lipate hewa.

Nakaa Msasani. Najua ukisikia Msasani unaona nini: hoteli za ufukweni, balozi, magari yenye vioo vyeusi, na nyumba ya Mwalimu Nyerere. Hayo yote yapo na wenyewe sina ugomvi nao. Mimi nakaa upande ule ambao dereva wa teksi akimaliza lami anakugeukia kwa upole na kusema, "Mzee, nikuache hapa hapa." Bondeni. Majirani zetu ni Bonde la Mpunga, ambako wazee walilima mpunga kwelikweli, na hawakuulima kwa sababu palikuwa pakavu. Mpunga ukaondoka, viwanja vikaja. Viwanja vya bondeni huuzwa Agosti. Dalali hukanyaga udongo kwa kiatu chake chenye ncha na kusema, "Sikia hicho kitu, mzee, kigumu!" Sijawahi kusikia dalali aliyempeleka mteja bondeni mwezi wa nne.

Mambo yalianza kuharibika, kwa kumbukumbu zangu, baada ya Desemba 2011. Wakazi wa Dar es Salaam wanaikumbuka. Tarehe 20 peke yake ilinyesha zaidi ya milimita 150, wataalamu wakasema haijaonekana mvua ya namna ile tangu 1954. Walikufa watu zaidi ya 40, na walionusurika kule Jangwani Serikali ikawahamishia Mabwepande. Sisi wa Msasani hatukuhamishwa. Sisi tulianza kupanda juu.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu wa kulia. Akaita malori ya kifusi, akajaza kiwanja, akajenga msingi juu ya kifusi na nyumba juu ya msingi. Wa kushoto alipoona maji yamehamia kwake, naye akaita malori, akazidisha nusu mita kwa usalama. Wa nyuma akafuata. Nyumba yangu haijashuka hata inchi moja, ipo pale pale ilipojengwa, lakini kila mwaka inazidi kuwa chini. Zamani nilikuwa napanda ngazi mbili kuingia ndani. Siku hizi natoka barabarani nashuka.

Huyu wa kulia amezungushia ukuta, na chini ya ukuta kaacha matundu ya bomba la inchi nne, yote yanatazama kwangu. Nilimwuliza kwa adabu, "Jirani, haya matundu ni ya nini?" Akasema ni ya ukuta kupumua. Basi mvua ikinyesha ukuta wake unapumua usiku kucha, na asubuhi yeye anatoka kwenye kibaraza chake cha ghorofani, kikombe cha chai mkononi.

"Poleni na maji, jirani!"

"Maji yako haya!"

"Ya Mungu hayo, jirani. Ya Mungu."

Na yangekuwa ya Mungu matupu ningestahimili. Tatizo kuna wanaoyachanganya. Mjini hapa gari la kunyonya majitaka ni gharama, mvua ni bure, na wapo waungwana ambao mwaka mzima hukaa na choo kilichojaa wakisubiri wingu jeusi. Likitanda, wanatapisha. Unasikia usiku mfuniko wa chemba unasogezwa taratibu, kwa heshima, kama kwamba kelele ndiyo itakayotukera. Asubuhi kila mtu anamwangalia mwenzake usoni na hakuna anayeuliza, kwa sababu katika mtaa wetu swali hilo lina majibu mengi mno.

Wanaofurahia ni vijana wa mikokoteni pale kona. Siku za jua wanabeba ndoo na saruji, siku za mvua wanatubeba sisi. Nauli yao inapangwa kwa viatu. Ukiwa na ndala, jero. Ukiwa na kiatu cha ngozi, buku. Mwenye suti hupelekwa peke yake kama mzigo wa kuvunjika na bei yake ni mazungumzo. Mmoja wao anajua kila shimo lililo chini ya maji kwa jina, lile la ofisini, lile la msikitini, lile lililommeza fundi baiskeli mpaka kiunoni. Nikamwuliza kwa nini wasiweke hata kijiti cha kuonyesha mashimo. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, tukiweka kijiti si watavuka wenyewe?"

Mtaro upo, msifikiri hakuna mtaro. Unapita mbele ya nyumba zetu na ungetosha, ila kila mwenye geti ametega bomba lake chini ya njia yake ya gari. Wa kwanza kaweka kalavati la haja, mtoto anaweza kupita ameinama. Wa pili kaweka bomba la nusu ya lile. Wa tatu alipata bomba la inchi sita lililobaki kwenye ujenzi wa shemeji yake. Maji yanaingia kwa wa kwanza kwa fahari yote, yakifika kwa wa tatu yanakuta tundu la inchi sita, yanafikiri kidogo, halafu yanapanda barabarani na kuja kwangu. Mbele zaidi kuna mtu amebandika zege na kujenga fremu juu ya mtaro, anakodisha kwa mwenye kibanda cha kutolea pesa. Mtaro ukifika pale unaingia gizani na hakuna mzee wa mtaa anayeweza kukuapia kwamba unatoka upande wa pili.

Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka kata zinazofurika katika mradi wa Ramani Huria, wakaingiza mitaro kwenye ramani: huu unaanzia wapi, una kina gani, unaishia wapi. Naiheshimu kazi ile. Ila nawahurumia waliopewa kuandika unaishia wapi.

Tunausafisha pia. Tangu Magufuli ageuze sherehe za Uhuru za 9 Desemba 2015 kuwa siku ya kushika mafagio, nchi hii imejua ufagio, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni ya usafi. Tunatoka na makoleo na majembe. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na kweli imepungua, nafasi yake imeshikwa na chupa za maji, vifuu vya nazi na pampasi. Pampasi iliyokaa mtaroni mwezi mzima, ndugu msomaji, inahitaji vijana wawili kuibeba. Tunazoa tope lote, tunaliweka kingoni mwa mtaro, tunapiga picha, tunatawanyika. Lori la kulibeba linakuja Jumatatu. Jumatatu ipi hatukuambiwa. Tope linakaa pale kingoni, linakauka, kuku wanaparua, na mvua ya kwanza linarudi mtaroni likiwa limepumzika.

Nimezunguka ofisini. Sitazitaja, kwa sababu bado nina barua ndani. Ofisi moja ikasema mtaro ulio kando ya barabara ni wa wenye barabara. Wenye barabara wakasema mtaro wao unabeba maji ya barabara, yanayotoka kwenye viwanja vya watu ni mambo ya mazingira. Wa mazingira wakasikiliza maelezo yangu mpaka nilipofika kwenye harufu, wakafurahi: hayo ni majitaka. Wa majitaka wakauliza kama nyumba yangu imeunganishwa na mtandao wao. Haijaunganishwa. "Basi hayo si yetu, mzee." Kijana mmoja mpole, shikamoo yake ya kuinama, aliniomba niandike barua upya na kuambatanisha picha ya mtaro unaolalamikiwa. Nikapiga, nikapeleka. Akaigeuza huku na huku.

"Mzee, mbona mtaro hauonekani?"

"Mwanangu, ndiyo malalamiko yenyewe."

Wivu nao unanitafuna, sitaficha. Nikipita Kinondoni hiyo hiyo naona Mto Ng'ombe umejengewa kuta za zege kupitia ule mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 300 ulioanza 2015. Nasimama natazama maji yanavyokwenda bila kumgusa mtu. Nimewahi kumwita mke wangu kwa simu nimwelezee. Alidhani naumwa.

Basi mwaka huu, baada ya masika, mwenyekiti wa serikali ya mtaa akaitisha mkutano. Ajenda moja: tuchange, tuchimbe mtaro wetu wenyewe mpaka baharini. Viti vya plastiki vilikodishwa, soda zikaja, na jirani yangu wa kulia akakaa mbele kabisa kama mwathirika. Fundi aliyeletwa akachora mstari kwenye karatasi ya manila, kutoka kwetu mpaka ghuba ya Msasani. Tukapiga makofi.

Akasimama mzee mmoja wa Msasani ya wavuvi, kofia mkononi. Akamwuliza fundi, "Baba, huo mdomo wa mtaro umeuweka kimo gani?" Fundi akataja kimo. Mzee akacheka bila kutoa sauti. "Mwezi wa tatu kuna maji ya bamvua, ndiyo makubwa ya mwaka mzima. Maji kujaa na kupwa hapa yanapishana zaidi ya mita tatu. Mvua kubwa nayo inaanza mwezi huo huo. Ninyi mnapeleka maji yenu baharini. Sasa bahari ikiwa ndiyo inakuja?"

Kimya. Mtu mwenye kisomo chake akapendekeza mlango wa chuma mdomoni mwa mtaro, unaofunguka maji yakitoka na kujifunga bahari ikisukuma, na huku juu tuache eneo la wazi ambapo maji yatasubiri saa zile mpaka bahari ipwe. Ni wazo la maana, tena ndilo la maana pekee lililosemwa siku ile. Likafa lilipofika kwenye eneo la wazi. Eneo la wazi la nani?

Hapo akainuka mzee mwingine, mpenda historia, akasema hata hivyo huu si mtaro, ni kijito cha zamani, babu yake alinawa humo. Alikuwa hajamaliza, mkutano mzima ukamzomea akae chini. Watu wameshika Sheria ya Mazingira ya 2004 kuliko wanavyoshika namba za simu zao: mita 60 kutoka kingo za mto hairuhusiwi shughuli ya kudumu. Mita 60 kutoka pale zinachukua nyumba zetu zote, msikiti na kibanda cha kutolea pesa. Tuliwaona wenzetu wa bonde la Mto Msimbazi mwaka 2015 ukiisha na 2016 ukianza, nyumba zimepigwa X nyekundu, na tingatinga likafuata. Katibu akaagizwa aandike kwenye muhtasari kwamba ni mtaro, tena mtaro mpya, tena haujachimbwa.

Ikabaki njia. Fundi akasema mstari ukinyooka unapita uani kwa jirani yangu wa kulia. Jirani akasema ana chemba pale. Ukisogezwa kushoto unagusa geti la mjumbe. Mjumbe akakumbuka kwamba msingi wake una ufa. Kila aliyeguswa alikuwa na chemba, ufa au kaburi la familia. Mwishowe penseli ya fundi ikatulia kwenye kiwanja cha bwana mmoja ambaye yuko Muscat na hajaonekana mtaani muda mrefu. Sijawahi kuona Msasani ikikubaliana kwa kasi ile. Mikono yote juu, na jirani yangu akainua miwili.

"Mlinzi wake yupo," mwenyekiti akasema. "Tumsikie kwa haki."

Mlinzi akasimama huko nyuma, kijana wa watu, rungu kwapani. Akasema yeye hana neno, atampigia bosi leo leo na ana hakika bosi hatakataa. Ana swali moja tu la kuuliza wakubwa zake: ule udongo utakaochimbwa, mtaupeleka wapi? Maana bosi amemwagiza atafute kifusi. Anataka kuinua kiwanja.