Waraka kwa wakuu wa Bonn kuhusu miruko mitatu

Waheshimiwa wakuu wa Kamati ya Kimataifa ya Paralimpiki mlioko Bonn,

Tunajua mna shughuli, na kupanga ratiba ya michezo ya dunia nzima kuna lawama zake. Jambo letu ni dogo, dogo kiasi kwamba halijawanyima usingizi tangu London 2012: miruko mitatu ya wanaume wasioona. London ilikuwapo. Rio 2016 tukaitafuta, tukakuta imebaki ya wenye ulemavu wa mkono. Kuruka chini mmewaachia wasioona, ahsanteni.

Ofisi ina mambo mengi, pengine uwanjani hamjashuka siku nyingi, basi turuhusuni tuwakumbushe. Mrukaji wa T11, daraja la wasioona, huzibwa macho, hata awe haoni kabisa, ili wote wawe sawa. Watazamaji huombwa wanyamaze. Mwelekezi husimama mbele, akipiga makofi na kuita. Mrukaji huhesabu hatua akiifuata sauti. Badala ya kibao chembamba, ana eneo la mita 1 lililonyunyiziwa unga, na kipimo huanzia pale unyayo ulipoacha alama. Kwenye kuruka chini, akishanyanyuka hapo anatua mchangani. Kwenye miruko mitatu, mguu uleule unatua juu ya njia ngumu, kisha wa pili, na mchanga bado uko mbele. Akipinda kidogo tu mwanzoni, mruko wa tatu unaweza kumtupa nje ya shimo.

Huyo si mtu wa kuonewa huruma. Li Duan wa China, asiyeona, alitwaa dhahabu ya miruko mitatu Athens 2004 na tena Beijing 2008, ambako aliruka zaidi ya mita 13. Osamah Al-Shanqiti wa Saudi Arabia, mwenye uoni hafifu, alivuka mita 15 hapohapo Beijing. Rekodi ya dunia ya Jonathan Edwards, mwenye macho yake yote mawili, ni mita 18.29.

Ikiwa mnahofia mifupa ya watu, hofu hiyo ni ya kiungwana. Waulizeni basi wenye mifupa. Na mkisema washindani ni wachache, hatubishi. Ila kocha gani wa Dodoma au Nairobi atamfundisha kijana mchezo usio na medali? Bwawa mmelikausha wenyewe, sasa mnahesabu samaki.

Brisbane 2032 bado iko mbali. Jibu lenu, tafadhali, lije kwa nukta nundu. Wenye shauri lao wamechoka kusomewa.