Malipo ni Kujulikana

Mwanafunzi wa usanifu wa picha hapa Dar es Salaam ana ratiba mbili. Moja hubandikwa na chuo. Nyingine huzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: uzinduzi wa maonyesho Upanga, mjadala wa wabunifu Mikocheni, warsha ya kontenti Masaki. Ya kwanza haina chakula. Ya pili tunaifuata kwa nidhamu ambayo wahadhiri wetu hawajawahi kuiona.

Kuna mahali tunakwenda kwa moyo mweupe. Nafasi Art Space, iliyoanzishwa 2008, ni mojawapo: studio za wasanii zimo ndani ya makontena, na unaweza kumkuta mtu yuko kazini ukapiga naye soga bila kuulizwa umetumwa na nani. Lakini sizungumzii huko. Nazungumzia hafla za hotelini, zile zenye mgeni rasmi.

Hafla ya mgeni rasmi ikiandikwa saa tatu asubuhi, maana yake saa tano. MC anatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha anaanza kuizingatia upya, jina kwa jina, mpaka anakaribia mjumbe wa nyumba kumi. Wewe umekaa nyuma, njaa inauma, macho hayana kazi ila kulitazama bango la jukwaani. Hapo ndipo unapojua balaa la kusomea usanifu. Mwenzako anaona bango. Wewe unaona nembo ya mdhamini iliyovutwa upande mpaka imenenepa, na fonti nne zikigombania sentensi moja.

Niliwahi kuhudhuria mjadala wa hakimiliki. Wazungumzaji waliichambua Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kwa uchungu wa kweli, na nyuma yao lilining'inia bango lenye picha iliyookotwa mtandaoni. Nilijua imeokotwa kwa sababu jina la kampuni yenye picha lilikuwa bado limempitia kifuani dada wa kwenye bango, kwa rangi ya kijivu, kama mkanda wa mshindi wa urembo. Hakuna aliyelitaja. Nami nilinyamaza, sambusa zilikuwa hazijapita.

Mzungumzaji asiyekosekana ni yule wa "anza na ulichonacho". Mfano wake huwa Edward Saidi Tingatinga, na mfano wenyewe si mbaya: mtu wa Tunduru aliyekuja mjini, akachora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, akafariki 1972, na hadi leo kuna wachoraji wanaokula kwa jina lake. Tatizo ni kwamba siku moja mzungumzaji aliyasema hayo akiwa ameshika kompyuta ambayo thamani yake ingenunulia kijiji kizima baiskeli, na kompyuta hiyo ikagoma kuelewana na projekta. Tukaitazama skrini ya bluu kimya kama tuko msibani. Mwishowe fundi wa hoteli akaja na waya uliozungushiwa selotepu, akauchomeka, akaupiga kofi moja. Picha ikatokea. Huyo ndiye niliyetaka kumsikiliza, lakini alishaondoka zake.

Kisha hufika kipindi cha kukutana na wadau. Wadau, ukiwachunguza, ni wanafunzi wa darasa lako waliovaa mashati mapya. Mtafuta kazi anampa kadi mtafuta kazi mwenzake, wanaahidiana kufanya kolabo, wanarudi Mwenge kwa daladala moja. Akitokea mwenye kampuni kweli, anakusikiliza vizuri, anakusifu, halafu anasema, "Bajeti hatuna, ila utajulikana."

Nimeshajulikana sana. Makonda wananijua. Mmoja alinijua siku niliyopanda na ubao wa A1, sentimita 84 kwa 59, wenye kazi yangu ya muhula, akadai ubao ulipiwe.

"Dogo, hilo dirisha lako linakalia siti ya mtu."

"Kaka, hii ni kazi ya maonyesho."

"Sawa. Nionyeshe nauli."

Kadi zangu za kugawa kwa wadau nilizipeleka Kariakoo kuchapwa. Niliziandaa kwa fonti nyembamba, nafasi nyeupe tele, jina dogo pembeni, bluu moja iliyotulia. Kompyuta ya dukani haikuwa na fonti yangu, ikajichagulia nyingine, ile yenye mikia na mapindo ya kadi za harusi. Bluu nayo, iliyokuwa mwanga kwenye skrini yangu, ilipogeuka wino ikapotea njia, ikafika karatasini ikiwa zambarau. Kijana wa duka akazikata, akapuliza vumbi, akanikabidhi kwa fahari. "Broo, hii imetoka." Alikuwa ameongeza ua kwenye kona. La bure.

Hafla ilikuwa jioni ya siku ileile. Wadau walizipokea kadi zangu, wakazigeuza upande wa pili kutafuta tarehe ya ndoa.

Aliyenifuata ni mama aliyekuwa akisimamia chakula, kanga kaifunga kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii umetengeneza wewe?"

Nikataka kumweleza mkasa wa fonti. Hakunipa nafasi.

"Nzuri. Binti yangu ana sendofu. Nimewauliza wenzako wote hapa, kila mmoja ananiambia yeye anatengeneza brandi. Mimi sina brandi, nina mtoto anaolewa. Nataka kadi za mchango, mia tatu, hivihivi. Bei gani?"

Nikakumbuka kanuni tuliyofundishwa jukwaani: saa za kazi, mara ujuzi, jumlisha thamani ya wazo. Nikataja. Mama alicheka mpaka akashika meza. Akataja ya kwake, tukakutana katikati, ingawa katikati yenyewe ilikuwa upande wake. Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akanihesabia nusu palepale, kisha akanitolea sahani ya pilau ya wapishi, pilau ambayo hata mgeni rasmi hakuiona.

Nikapendekeza maneno yawe machache, ili kadi ipumue.

"Ipumue, ina pumu? Weka namba ya M-Pesa kubwa, watu wa Tanga wasijifanye hawakuiona." Akaichukua tena kadi yangu, akaiinua kwenye taa. "Na hili ua, mwanangu, weka kona zote nne."